Moshi wa Obunga na haki ya mvumbuzi

Kuna hoja mbili zinazopingana ambazo mwalimu yeyote wa sayansi au wa biashara amewahi kuzisikia darasani. Ya kwanza hudai kwamba Afrika imeachwa nyuma katika teknolojia zinazohifadhi mazingira kwa sababu mataifa tajiri yamezifungia kwa hataza, nasi hatuwezi kuzigusa pasipo kulipa. Ya pili hudai kinyume chake: kwamba tumeachwa nyuma kwa sababu sisi wenyewe hatumlindi mvumbuzi wetu, na kwa hiyo hakuna kampuni wala fundi atakayetumia fedha na jasho lake kubuni kitu ambacho jirani atakinakili kesho asubuhi.

Ya kwanza inataka ulinzi upunguzwe. Ya pili inataka uzidishwe. Aghalabu wanaojadiliana huchukua mifano yao mbali, kwenye mitambo ya upepo ya Denmark au magari ya umeme ya Marekani, na mwanafunzi huondoka darasani akidhani kwamba jambo lenyewe halimhusu. Nionavyo mimi, ni afadhali tuupime mjadala huu mahali ambapo jibu lake lina uzito kwa watu tunaowafahamu. Mahali hapo ni Obunga, mmojawapo wa mitaa ya mabanda katika jiji la Kisumu.

Wakazi wa Kisumu wanaujua mtaa huu kwa mgongo wazi. Viwanda vya samaki vikishatoa minofu ya mbuta, ambayo husafirishwa hadi ng'ambo, hubaki kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikamana na mifupa. Mabaki hayo hununuliwa na akina mama, ambao huyaanika juani, huyakaanga katika mafuta yanayochemka, na kuyauza kwa watu ambao bei ya samaki mzima imewashinda. Hapana shaka ni biashara ya heshima, nayo imetia chakula katika sahani nyingi.

Lakini ni biashara ya moto wa kuni. Anayekaanga hukaa karibu na karai kwa saa nyingi huku moshi ukimwingia machoni na mapafuni, na watoto wake wakiwa hapo hapo. Kuni nazo zina bei, na kila shilingi iendayo kwa muuza kuni hutolewa katika faida ambayo tangu hapo ilikuwa haba. Basi tuulize swali letu kwa lugha ya Obunga: ni nini kitakachomfanya mwenye karakana mjini Kisumu abuni jiko la kukaangia samaki litakalotumia kuni chache na kutoa moshi kidogo?

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi mmoja wa jua kali katika soko la Kibuye anatumia miezi sita kutafuta umbo la jiko kama hilo. Anaharibu mabati kumi. La kumi na moja linafaulu. Analiuza jiko la kwanza siku ya Jumatatu. Kufikia Jumamosi fundi wa pili amelipima kwa kamba, naye, kwa kuwa hakupoteza hata bati moja katika majaribio, analiuza kwa bei ya chini. Je, fundi wa kwanza atajaribu tena? Na je, mama wa Obunga amepata hasara gani, maadamu amelipata jiko kwa bei nafuu? Ukiyajibu maswali haya mawili kwa haki, utakuwa umeugusa moyo wa jambo lenyewe.

Kwanza tueleze sheria yasemavyo. Hataza ni mkataba kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi hueleza kwa maandishi, bila kuficha, jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Umma nao, kupitia kwa serikali, humpa haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza kwa muda wa miaka 20. Ili kuipata hati hiyo, sharti kitu kiwe kipya duniani, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo mjuzi wa fani hiyo asingeiona kwa urahisi, na kiwe na matumizi katika shughuli za viwanda. Muda ukiisha, maarifa yale huwa mali ya kila mtu.

Itakumbukwa kwamba hadi mwaka 1990 Kenya haikuwa na hataza yake yenyewe. Mvumbuzi alilazimika kupata hataza nchini Uingereza kwanza, kisha aje kuisajili Nairobi. Sheria ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ndiyo iliyoukata uzi huo wa kikoloni. Sheria ya mwaka 2001 ikachukua mahali pake, na Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda, yaani KIPI, ikaanza kazi mwaka 2002. Isitoshe, Kenya ni mwanachama wa ARIPO, shirika lenye makao yake jijini Harare, ambapo ombi moja laweza kuzihusu nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja.

Sasa tuangalie ushahidi. Uvumbuzi mkubwa kabisa wa kuhifadhi nishati uliopata kutoka katika karakana za Kenya ni lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo karibu kila nyumba ya mjini inalijua. Lilisanifiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mradi wa Wizara ya Nishati uliosaidiwa kwa fedha za Marekani. Wazo lake lilichukuliwa katika jiko la ndoo la Thailand. Wataalamu, miongoni mwao Max Kinyanjui, pamoja na mafundi na akina mama waliolijaribu, wakalirekebisha hadi likapata kiuno chembamba na tako pana lisilopinduka mtu anaposonga ugali. Shirika la KENGO likawafundisha mafundi kulitengeneza.

Jiko hilo halikupewa hataza. Aliyetaka kulitengeneza alilitengeneza, kuanzia Shauri Moyo jijini Nairobi hadi katika masoko ya mikoani. Ushindani ukaishusha bei, na baada ya miaka michache jiko lililokuwa la wenye uwezo likaweza kununuliwa na kibarua. Watafiti waliolichunguza katika miaka ya 1990 walikadiria kwamba lilikuwa limeingia katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya, na kwamba liliokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya makaa likilinganishwa na jiko la bati tupu. Majirani zetu nao wakaliiga. Laiti lingekuwa na mwenyewe mmoja wa kumtoza kila fundi ada, sidhani kama lingefika lilikofika.

Karibu na Kisumu kwenyewe kuna mfano wa namna hiyo. Akina mama wa kikundi cha Keyo, ambao ufinyanzi ni urithi wao, walijifunza kufinyanga jiko la kuni liitwalo Upesi, ambalo hujengewa kwa udongo jikoni. Hapakuwa na hataza iliyowazuia. Walichohitaji ni kalibu, tanuri, mafunzo na soko, na mashirika ya maendeleo yaliwasaidia kuvipata.

Msomaji aliyefika hapa huenda ameshatoa hukumu: basi hataza hazina maana, na tuziache! Namwomba asubiri kidogo, kwani hadithi ya jiko la makaa ina upande wa pili.

Upande huo ni kwamba fundi hakulipia majaribio ya jiko lile. Yalilipiwa na umma, wa Kenya na wa Marekani, kupitia serikali na wafadhili. Palipokuwa na fedha za umma, kulitoa jiko bure kulikuwa haki na busara. Lakini fedha za wafadhili hupungua na miradi hufika mwisho, na mambo madogo ambayo yangaliweza kuliboresha jiko mwaka hadi mwaka hayakuwa na mtu wa kuyagharamia. Kila fundi alijua kwamba akiligundua jambo jipya litakuwa la wote kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo aliona heri apunguze gharama.

Naye alipopunguza gharama, aliyeumia ni mnunuzi. Udongo usiochomwa vya kutosha hauonekani kwa macho sokoni. Hupasuka ukiwa nyumbani. Bati jembamba hutoboka upesi. Majiko mabovu yakauzwa kwa sura ile ile ya majiko mazuri, na mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha akakataa kulipa zaidi hata kwa lile zuri. Jambo hili halikuwa la majiko peke yake. Mwaka 1999 watafiti walizipima paneli za jua zilizokuwa zikiuzwa Kenya, wakakuta kwamba baadhi ya chapa zilitoa umeme mdogo mno kuliko ule ulioandikwa juu yake. Mwananchi aliyeuza mbuzi wake kununua paneli hakuwa na njia ya kulijua hilo dukani.

Kutokana na mifano hii, naona kwamba kinachokosekana katika karakana zetu ni njia ya fundi mwaminifu kutambulikana, zaidi ya njia ya kuwazuia wengine wasiunde jiko. Akitambulikana, mnunuzi humrudia. Mnunuzi akimrudia, hupata fedha na sababu ya kujaribu tena. Kazi hiyo sheria imeipa chombo kingine kiitwacho alama ya biashara. Alama haimkatazi jirani kutengeneza jiko la kukaangia mgongo wazi. Humkataza tu kuliuza kwa jina la mwingine. Huweza kuhuishwa daima, ilhali hataza hufa. Tena sheria ya Kenya inaruhusu alama ya pamoja, ambayo kikundi chaweza kuisajili ili itumiwe na wanachama wake.

Hebu fikiri juu ya chama cha mafundi wa Kisumu chenye alama yake, na kanuni kwamba hakuna jiko litakalopigwa alama hiyo kabla halijapimwa unene wa bati na uimara wa udongo. Nchi ina Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo linaweka viwango vya majiko. Alama ya mafundi na viwango vya KEBS vikishikamana, mama wa Obunga ataweza kuchagua kwa macho yake kati ya jiko la miaka mitatu na jiko la miezi mitatu. Kampuni kubwa zimekwisha kuelewa jambo hili. BURN, iliyofungua kiwanda chake karibu na Nairobi mwaka 2014, huliuza jiko lake kwa jina la Jikokoa, na wanunuzi huliulizia kwa jina hilo. Fundi wa Kibuye hana fedha za kampuni hiyo, lakini jina na muhuri haviko mbali naye.

Yupo pia fundi ambaye kwa kweli amevumbua kitu, na alama peke yake haimtoshi. Kwake sheria ya Kenya ina cheti cha uvumbuzi mdogo, kinachodumu kwa miaka 10. Hicho hakidai ile hatua kubwa ya uvumbuzi inayodaiwa na hataza. Chatosha kitu kuwa kipya na chenye matumizi. Umbo la bidhaa nalo laweza kusajiliwa kwa miaka 5, na kuhuishwa hadi 15. Vyombo hivi vimekaa katika sheria kwa miaka mingi, na nina hofu kwamba wengi wa wale waliokusudiwa hawajapata kuvisikia.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Cheti kinachopatikana kwa urahisi chaweza kuwa silaha ya mjanja. Mtu aweza kulisajili jiko ambalo mafundi kumi wamekuwa wakiliunda tangu utoto wao, kisha awaandikie barua za mawakili. Ujuzi wa wafinyanzi wa Keyo ni wa bibi zao, na haifai mtu mmoja aufanye mali yake. Isitoshe, haki bila uwezo wa kuitetea ni karatasi tu: kesi moja mahakamani hugharimu zaidi ya majiko mengi. Ndiyo sababu naiweka alama ya pamoja mbele ya cheti cha mtu mmoja, kwani kikundi huweza kuchangia gharama na kutetea jina lake.

Na vipi kuhusu ile hoja ya kwanza, kwamba mataifa tajiri yamezifunga teknolojia? Hapa pia ushahidi unatushangaza. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, pamoja na Ofisi ya Hataza ya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maombi ya hataza za nishati safi yaliyowasilishwa Afrika hayakufika asilimia 1 ya maombi yote ya aina hiyo ulimwenguni, na sehemu kubwa ya hayo ilikuwa Afrika Kusini. Uzito wa jambo hili ni kwamba hataza haivuki mpaka. Uvumbuzi uliosajiliwa Ujerumani lakini haukusajiliwa Kenya wala kupitia ARIPO kwa ajili ya Kenya, mtu yeyote wa Kisumu ana ruhusa ya kuutengeneza na kuuuza humu nchini, almuradi asiupeleke katika nchi ulikosajiliwa.

Mwaka 2007 John Barton, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichunguza nishati ya jua, ya upepo na ya mimea kwa kuzitazama Brazil, Uchina na India. Alikuta kwamba misingi ya teknolojia hizo ilikuwa imekwisha kutoka katika ulinzi wa hataza zamani, na zilizobaki zilihusu marekebisho mahususi. Kwa hiyo mlango tunaodai kwamba umefungwa, kwa kiasi kikubwa uko wazi. Ni kweli kwamba maandishi ya hataza hayakupi mtambo, wala mtaji, wala ule ustadi wa mikono ambao mhandisi hauandiki. Lakini yanakupa maelezo na michoro, nayo husomwa bila malipo.

Wapo watakaonikumbusha Uchina. Nchi hiyo ilianzisha mahakama maalumu za haki za uvumbuzi mijini Beijing, Shanghai na Guangzhou mwaka 2014, na wachumi kadhaa wameandika kwamba ulinzi ulipoimarishwa, kampuni ziliongeza maombi ya hataza za teknolojia zinazohifadhi mazingira. Siyakatai hayo. Lakini kampuni hizo zina maabara, wahandisi wa kuajiriwa na benki za kuwakopesha. Ulinzi uliwakuta wakiwa na zana mikononi. Tena idadi ya maombi ni idadi ya maombi tu. Haituambii ni jikoni mwa nani moshi umepungua. Tukiiga sheria za Uchina bila maabara zake, tutakuwa na ofisi nzuri ya hataza inayowahudumia wageni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Utafiti unaolipiwa na umma, uwe wa chuo kikuu, wa wizara au wa mfadhili, matokeo yake yachapishwe, na mafundi wafundishwe bila ada, kama ilivyofanywa kwa jiko la makaa. Utafiti unaolipiwa na kampuni au karakana kwa fedha yake ulindwe kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Na zaidi ya yote, serikali ya Kaunti ya Kisumu na vyama vya mafundi wahimizane kusajili alama za pamoja zinazofungamana na vipimo vya ubora.

Walimu nao wana sehemu kubwa katika haya. Kila mwaka wanafunzi wa shule za sekondari huonyesha kazi zao katika maonyesho ya sayansi, na baadhi ya kazi hizo zinahusu majiko, gesi ya samadi na gugu maji, tatizo la miaka mingi katika Ziwa Victoria. Wachache huambiwa kwamba kukionyesha kitu hadharani huweza kuuondoa upya wake mbele ya sheria. Sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyeutangaza uvumbuzi wake mwenyewe, mradi awasilishe ombi kabla ya miezi 12 kupita. Ulaya kwa kawaida haimsamehe. Mwalimu anayelijua jambo hili moja anaweza kumwokolea mwanafunzi wake kazi ya miaka miwili.

Vile vile, somo moja kwa muhula latosha kuwafundisha wanafunzi wa Maseno, wa chuo kikuu cha Bondo kiitwacho kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, na wa Kisumu National Polytechnic, jinsi ya kusoma maandishi ya hataza na kutafuta yale yasiyosajiliwa humu nchini. Wapewe kazi ya mwaka: tafuteni njia ya kupunguza moshi katika kukaanga mgongo wazi, mkalijaribu jiko lenu Obunga kwenyewe, mkiwa pamoja na akina mama wanaoijua kazi hiyo. Jina la mama aliyetoa wazo liandikwe pia, maana mara nyingi yeye ndiye mvumbuzi asiyetajwa.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Fundi wa Kisumu amecheza kwao kwa miaka mingi pasipo tuzo, na mama wa Obunga bado anafuta machozi ya moshi. Vyombo vya kumtuza mmoja na kumpunguzia mwingine moshi vimo katika sheria zetu. Kilichobaki ni kuvifikisha sokoni na darasani, na kazi hiyo yaweza kuanza muhula ujao.